Bisibisi ya umeme kwa kazi za nyumbani: ndogo ya 3.6V, drili ya 12V au ya 20V?

BabaNasra (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Jumamosi naingia Kariakoo kununua bisibisi ya umeme, maana kuzungusha skrubu kwa mkono kumenichosha hadi kiganja kinaota malengelenge. Nimeona aina tatu. Kuna ile ndogo ya 3.6V inayochajiwa kwa waya wa simu. Kuna drili ya betri ya 12V. Halafu kuna ya 20V ambayo muuzaji anasema inapiga kila kitu: mbao, chuma na ukuta. Kazi zangu ni za nyumbani tu. Nichukue ipi? Naomba uzoefu wenu kabla sijatoa hela.

Fundi_Keko
Mkuu, kufunga soketi ni kazi ya nyumbani, na kupachika mlango wa mninga nayo ni kazi ya nyumbani, lakini mashine zake haziko sawa. Tuambie mbao ni gani, skrubu za urefu gani, ukuta wa nini, bajeti yako kiasi gani, na kama kuna jirani mwenye drili ya waya. Bila hayo kila mtu atakutajia mashine aliyo nayo yeye.

MamaTunu
Mimi nasema chukua hiyo ndogo, usitishwe na hawa mafundi. Yangu nimefungia kabati za kuunganisha, vishikio vya droo, swichi, na kitanda cha watoto chote. Ni nyepesi, unaishika kwa mkono mmoja huku mwingine umebana ubao. Ukishika drili kubwa juu ya kichwa dakika kumi, bega litakwambia. Halafu inazunguka taratibu, kwa hiyo huchani kichwa cha skrubu.

Kisauni_Boy
Dada, hiyo ndogo ni ya soketi tu. Ndugu mleta mada, mimi niko Mombasa, nafanya kazi za mbao jioni nikitoka kazini. Chukua impakti ya 18V, ile mashine ya skrubu inayozungusha kwa mapigo, uachane na mambo mengine. Skrubu ya inchi 3 inaingia kwenye mvule bila kusukuma kwa kifua. Tangu nilipoipata, drili ya kawaida imekaa tu kabatini.

Fundi_Keko
Impakti kwa mtu anayeanza? Na akienda kufunga bawaba kwenye MDF, ule ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa? Impakti nyingi hazina klachi. Ukichelewa kuachia kitufe nusu sekunde, skrubu imezama na MDF imesagika, tundu halishiki tena. Nimeitwa mara nyingi kurekebisha kabati za jikoni zilizoharibiwa hivyo, unaanza kujaza gundi na vijiti. Drili yenye klachi unaweka namba ndogo, skrubu ikikaza inalia tak-tak-tak na kuacha kusukuma. Na kelele za impakti ndani ya chumba cha vigae zinaumiza masikio, ziba masikio kabisa.

Kisauni_Boy
Impakti za siku hizi zina hatua za spidi, mbili hadi nne. Ukiweka ya chini unafunga hata bawaba. Ni kuizoea mkono tu.

Injinia_Mpole
Naomba tuanze na namba, kwa sababu wauzaji wanacheza sana na volti.

Nguvu ya kuzungusha inapimwa kwa Nm (nyutoni mita). Bisibisi ya 3.6V hutoa kama Nm 3 hadi 5. Drili nzuri za 12V ziko kwenye Nm 20 hadi 35. Za 18V za kawaida ni Nm 40 hadi 60. Impakti za 18V huvuka Nm 140, ila zinaizungusha skrubu kwa mapigo, ndiyo maana mkono hausokoteki.

Na 18V na 20V msizigombanie, ni kitu kimoja. Ndani kuna seli 5 za lithiamu zilizofuatana. Seli moja ikiwa kazini huhesabiwa 3.6V, ikijaa inavuka 4V. Anayezidisha 3.6 kwa 5 anaandika 18, anayehesabu ikiwa imejaa anaandika 20 au 21. Hata hiyo ya 12V ni seli 3, yaani 10.8V. Volti pekee haikwambii mengi. Soma Nm, soma Ah za betri (ujazo wa chaji), na uliza kama mota ina kaboni (brashi zinazosuguana na kuisha) au haina. Isiyo na kaboni inatumia chaji vizuri zaidi na haina cha kubadilisha kikiisha.

TangaRaha
Hapo kwenye volti Injinia umegusa kidonda changu. BabaNasra, soma hii kabla hujaingia Kariakoo.

Mwaka jana nilinunua drili ya betri imeandikwa ubavuni kwa herufi kubwa "88VF". Jina la duka naliacha. Muuzaji aliiwasha mbele yangu, akachukua kipande cha paini, akaingiza skrubu hadi kichwa kikazama. Boksi zuri, betri mbili, biti (ncha za kuchomeka) kibao. Nikaenda nayo kufunga bawaba za dirisha la mvule. Skrubu ya kwanza ikafika nusu, mashine ikanguruma, kimya. Nikabadilisha betri, mambo yaleyale. Nikasikia harufu ya plastiki, kugusa betri haishikiki kwa moto.

Nikasema labda ni mpya, haijazoea. Chaja sasa. Taa ya kuonyesha imejaa haiwaki, hata ilale kwenye umeme usiku kucha. Asubuhi moja nakuta ganda la betri limepinda ubavuni kwa joto, na meza chini yake imeacha alama ya kahawia. Hiyo meza iko chumba wanacholala watoto.

Nikaipeleka kwa fundi redio, akafungua skrubu nne. Ndani kuna vishimo kumi vya seli. Vilivyojazwa ni vitano. Vitano vingine vimewekewa sponji ili visigongane ukitikisa. Hakuna kisahani cha kulinda seli wala cha kuzisawazisha, ni waya mwekundu na mweusi tu umelehemiwa moja kwa moja. Juu ya seli zenyewe imeandikwa 1300mAh, wakati nje ya betri imeandikwa namba mara kumi ya hiyo. Nikarudi dukani na vipande mkononi. Jibu: vitu vya umeme havina waranti. Risiti walikuwa hawajanipa tangu mwanzo, eti mashine ya risiti mbovu.

Kwa hiyo ukiona 48V, 88V, 128V kwenye drili yenye betri ya kuenea kiganjani, weka chini uondoke. Na usikubali kujaribiwa kwenye paini. Nenda na kipande cha mti mgumu kutoka kwako, na skrubu yako mwenyewe.

Injinia_Mpole
Pole sana mkuu. Seli 5 za 3.6V ni 18V, hizo 88 hazipo popote. 1300mAh ni 1.3Ah, na 18V mara 1.3Ah ni kama Wh 23 za nishati, kidogo mno kwa mvule. Na chaja isiyojua kukata betri ikijaa ndiyo hatari yenyewe. Wote mnaosoma hapa, msiache betri za lithiamu zikichaji mkalala, hasa za aina hiyo.

MamaTunu
Jamani, chumba cha watoto! Mwenyezi Mungu amewanusuru.

BabaNasra
Asanteni wakuu, na pole sana TangaRaha. Naleta maelezo mliyoomba. Niko Kigamboni, nyumba ya tofali za bloku, tumehamia juzi. Kazi ya kwanza ni mabomba ya pazia madirisha yote. Halafu kabati za jikoni za MDF, nimeshanunua vipande. Halafu vitasa na bawaba za milango miwili ya mninga. Bajeti laki mbili na nusu. Jambo lingine, shemeji yangu yuko Muscat, anakuja mwezi ujao na anasema anaweza kuniletea. Umeme huku unakatika katika, ndiyo maana nataka ya betri.

Fundi_Keko
Ungeanza na haya, mkuu. Pazia ndiyo kazi ngumu kuliko zote ulizotaja. Bomba la pazia linakaa juu ya dirisha, na juu ya dirisha kuna lenta. Lenta ni zege na nondo. Drili ya betri ya laki mbili itachuna plasta ikifika kwenye zege itateleza na kuunguza biti, hata kama imeandikwa ina nyundo (mapigo ya kutobolea ukuta). Pale inatakiwa drili ya SDS ya waya, ile yenye mapigo mazito ya kutoboa zege. Usinunue, kodi kwa siku moja au azima, toboa madirisha yote, ingiza fisha (vile vya plastiki vya kushikia skrubu ukutani), rudisha. Baada ya hapo mashine yako ya betri inabaki na mbao tu, na kwa mbao zako ya 12V yenye klachi na gia mbili inatosha kabisa. Gia ya kwanza kwa skrubu, ya pili kwa kutoboa.

Kisauni_Boy
Hiyo ya lenta nakubali. Lakini kwa mninga bado nasema impakti.

Fundi_Keko
Mninga unatobolewa kwanza. Skrubu ya milimita 4, toboa tundu la 2.5 hadi 3, paka nta ya mshumaa kwenye nyuzi, itaingia hata kwa bisibisi ya mkono. Ukiweka skrubu za shaba nyeupe au njano kwenye mninga, tanguliza ya chuma ya saizi ileile, itoe, ndiyo uingize ya shaba. Vinginevyo kichwa kinakatika na mwili wa skrubu unabaki ndani ya mlango.

TangaRaha
Baba yangu seremala, yeye alipaka sabuni ya mche maisha yake yote. Mshumaa ni wa nini?

Injinia_Mpole
Sabuni inavuta unyevu, TangaRaha. Kwa pwani yetu skrubu ya chuma iliyopakwa sabuni inashika kutu ndani ya mbao, siku ya kuifungua inakatika. Nta haina tabia hiyo.

TangaRaha
Milango aliyopachika ipo hadi leo Ngamiani, njoo uione.

Fundi_Keko
Tuwaache wazee. Jambo ambalo hakuna aliyesema ni biti. BabaNasra, angalia kichwa cha skrubu zako za MDF. Kama kati ya mikono ya msalaba kuna vistari vidogo vinne vya kukatiza, hiyo ni PZ (Pozidriv), na saizi ya kawaida ni PZ2. Biti nyingi wanazokuwekea kwenye boksi ni PH2 (Phillips, msalaba wa kawaida). PH ndani ya PZ inaingia, inacheza, halafu inapanda juu na kula kichwa. Watu wanailaumu mashine kumbe ni biti. Nunua PZ2 nzuri kadhaa, hizo ndizo zinazofanya kazi yenyewe.

Kisauni_Boy
Kweli kabisa. Halafu mnajua hizi drili za betri zilitengenezwa na NASA kwa ajili ya mwezini? Ndiyo maana teknolojia yake si ya mchezo.

Injinia_Mpole
Hapana, ndugu. Black & Decker walitoa drili ya betri mwaka 1961, kabla ya safari za mwezini. Baadaye ndiyo wakashiriki kutengeneza drili ya Apollo, zile safari za mwezini. Ilitumika kwenye Apollo 15, mwaka 1971, na wanaanga Scott na Irwin walihangaika sana kuchomoa bomba la sampuli ardhini. NASA wenyewe husema hawakuvumbua vifaa vya betri.

Kisauni_Boy
Basi hata mwezini walikosa impakti 😀

Ruwi_Muscat
Assalaam aleykum. Nimeona imetajwa Muscat. Shemeji yako anaweza kukuletea bila tabu, plagi ya huku ni ya miguu mitatu kama ya kwenu na umeme unakaribiana, chaja itafanya kazi. Ila mwambie betri za akiba aziweke kwenye begi la mkononi, si kwenye mzigo unaoingia chini ya ndege. Mpaka Wh 100 kwa betri moja mashirika mengi hayana shida. 18V ya 5Ah ni Wh 90, inapita. Asiombe ya Marekani. Chaja nyingi za kule ni za 120V tu, ukiichomeka kwenye umeme wetu inaweza kuungua.

Na kabla hajanunua, aulize kama kampuni hiyo betri zake zinapatikana Dar. Mashine bila betri ya kubadilisha ni chuma tu. Hata Bosch, ile ya kijani ya nyumbani na ile ya bluu ya mafundi, betri zake za 18V haziingiliani.

MamaTunu
Mimi nabaki palepale. Kwa MDF na swichi, ndogo inatosha, na bajeti inabaki ya pazia lenyewe.

Fundi_Keko
Mama Tunu, na mlango wa mninga je?

MamaTunu
Mlango umwite wewe, fundi!

BabaNasra
Nashukuru sana wote. Mpaka sasa naegemea 12V ya klachi, na SDS nitaazima kwa fundi anayejenga jirani. Ila maneno ya Ruwi_Muscat yamenifanya nifikirie kumsubiri shemeji, na mke wangu pazia anazitaka wiki hii. Jumamosi nitaenda na kipande cha mninga nijaribu palepale dukani, nikirudi nitawaambia.

Kisauni_Boy
Jaribu na impakti ukiwa hapohapo, usikie tofauti.

MamaTunu
Samahani natoka kidogo kwenye mada. Nataka kufunga kioo na kishikio cha taulo bafuni, ukuta wote una vigae. Kila ninayemuuliza anasema kigae kitapasuka. Hii bisibisi yangu haiwezi, najua. Nitumie nini?

Fundi_Keko
Drili yoyote inatoboa kigae mradi nyundo imezimwa. Bandika tepu ya karatasi wanayotumia mafundi rangi, weka alama, anza spidi ndogo na biti ya kigae yenye ncha ya mkuki. Ukishapita kigae ndiyo uweke biti ya ukuta. Usitoboe karibu na ukingo wa kigae. Ila kwanza niambie, vigae vyako ni seramiki au porcelaini? Kama kimebaki kipande, kigeuze utazame mgongo, rangi yake na kama kinanyonya maji. Leta jibu, maana biti zake ni tofauti.