Bafu la juu linavuja: gumzo la kikundi cha mtaa

Mama Salma: Habari za asubuhi majirani. Bafu la ghorofani linavuja, dari ya sebuleni imeanza kuchora madoa. Fundi niliyemwita amelitazama, anasema tailizi zote zing'olewe. Anataka asilimia 60 mbele na vifaa anunue yeye. Nimjibuje?

Dada Rehema: Mama, usitoe hela kabla hujajua kinachovuja. Ni bomba la maji safi, la maji machafu au sakafu yenyewe, na kazi hizo tatu bei zake ziko mbalimbali kabisa.

Mzee Mkude: Anza na mita ya maji. Funga koki zote nyumbani, tazama kile kigurudumu kidogo. Kikizunguka, bomba la maji safi linavuja. Kama bafu linalishwa na tangi la juu, mita haitakuambia kitu: zima pampu usiku, weka alama ya usawa wa maji kwenye tangi, asubuhi utazame.

Mama Salma: Shikamoo Mzee. Tunatumia maji ya mita moja kwa moja, na kigurudumu kimetulia. Linadondosha tukioga tu.

Mzee Mkude: Marahaba. Bado kuna kipande kinachopanda kutoka kwenye mixa hadi shawa, hicho hupata presha mkifungua tu. Fungulia shawa imwage kwenye ndoo, sakafu ibaki kavu. Halafu ingiza mpira wa maji ndani ya tundu la sakafu, maji yaende dakika 15. Dari ikidondosha hapo, ni kiungo cha bomba la chini. Ikibaki kavu, ziba tundu, jaza maji sentimita 3 sakafuni, subiri. Fanya kwa mpangilio huo huo, ukianza na sakafu utachanganya majibu.

Mama Salma: Majibu haya hapa. Ndoo, dari kavu. Mpira, kavu. Maji ya sakafuni, limeanza kudondosha baada ya nusu saa.

Fundi Hamisi: Basi ni sakafu. Tailizi na grauti, ule uji wa kujazia mistari, hazizuii maji, yanapita kwenye mistari. Kinachozuia ni dawa inayopakwa chini yake, na hapo haipo au imepasuka kwenye kona. Ng'oa sakafu, ukuta sentimita 60 za chini, na kona ya shawa hadi mita 1.8. Ukuta uliobaki uacheni. Bafu lina vipimo gani?

Mama Salma: Mita 2 kwa 1.8. Mlango sentimita 80. Kona ya shawa mita moja kila upande.

Dada Rehema: Sakafu ni mita za mraba 3.6. Ukuta wa chini 4.1, nyongeza ya shawa 2.4, jumla 6.5. Ongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika. Boksi la tailizi za 30 kwa 60 huwa na vipande 8, yaani mita za mraba 1.44, kwa hiyo chukua maboksi 5 ya ukuta. Za sakafu chukua za kutosha mita 4, za kukwaruza, siyo za kung'aa. Namba ya bechi iwe moja kwenye maboksi yote, la sivyo rangi zitapishana. Gundi ya tailizi mfuko wa kilo 20 unakwenda kama mita 4, nunua mitatu. Dawa ya kuzuia maji ya simenti, koti mbili, yaani kupaka mara mbili, ni kilo 3 kwa mita ya mraba, na wewe unapaka karibu mita 9. Kwa hiyo kilo 27.

Baba Neema: Kwani simenti na mchanga haitoshi? Gundi bei yake iko juu.

Fundi Hamisi: Kwa tailizi za porseleni haitoshi. Porseleni hainywi maji, simenti tupu haiishiki, baada ya miezi inalia tupu ukiigonga. Na fundi apake gundi kwa mwiko wa meno, eneo lote. Akiweka madonge matano nyuma ya kipande, katikati panabaki pango, maji yanajikusanya humo.

Mzee Mkude: Mtelemko ufanywe kwenye plasta ya sakafu kabla ya dawa, sentimita 1.5 kwa kila mita kuelekea tundu. Ukirekebishwa kwa gundi, upande mmoja unakuwa mnene na kunywea vibaya. Kona zote na mdomo wa tundu ziwekewe utepe wa wavu ndani ya koti ya kwanza, ya pili ipakwe kukatiza ya kwanza. Dawa ipande ukutani sentimita 30, kwenye shawa mita 1.8. Kizingiti cha mlango kisisahauliwe, maji mengi hutorokea huko.

Dada Rehema: Na dawa ikishakauka kwa siku zilizoandikwa kwenye pakiti, ziba tundu, jaza maji, chora mstari wa penseli ukutani, acha saa 24. Huo ndio ukaguzi wenyewe. Kipande kimoja cha tailizi kisigusishwe kabla ya hapo. Fundi akikuambia anawahi kazi nyingine, afadhali aende arudi.

Mama Salma: Na malipo je? Asilimia 60 mbele?

Dada Rehema: Hapana. Vifaa nunua wewe, udai risiti ya EFD. Ufundi tu ndio mkubaliane: asilimia 20 akishang'oa na kutoa vifusi, 30 maji yakikaa saa 24 bila kushuka, 40 tailizi na grauti zikiisha, 10 baada ya wiki tatu za kuoga kama kawaida. Mkataba ukurasa mmoja unatosha: namba yake ya NIDA, vipimo, nani anatoa vifusi, tarehe, hatua hizo nne. Mjumbe asaini kama shahidi.

Fundi Hamisi: Mimi ni fundi, nakubaliana na Rehema, ila mama naye atimize upande wake. Vifaa vifike siku moja kabla. Saidia fundi analipwa kila jioni, kwa hiyo siku ya kungoja gundi fundi anaitoa mfukoni. Iandikwe kwamba vifaa vikichelewa, siku hiyo inalipwa. Na kazi ya nyongeza bei yake isemwe kabla haijaanza, hata kama ni kubadilisha bomba moja.

Mama Salma: Hiyo haki yake, naiandika. Nilitaka pia hita ya maji ya papo kwa papo.

Kaka Baraka: Ya kilowati 5.5 inavuta karibu ampea 24. Isiunganishwe kwenye laini ya taa ya waya wa milimita za mraba 1.5, waya utaungua ndani ya ukuta. Laini yake peke yake, waya wa 4, breka yake, waya wa ethi, ule unaoshusha umeme ardhini, uliopimwa. Fundi umeme awe na leseni ya EWURA. Apitishe paipu ya waya wakati ukuta uko wazi, kabla ya dawa, asije akatoboa baadaye.

Fundi Hamisi: Grauti isubiri saa 24 baada ya tailizi. Pale sakafu inapokutana na ukuta weka silikoni, siyo grauti. Ukuta na sakafu havitembei pamoja, grauti hapo inapasuka.

Mama Salma: Nawashukuru sana. Mkataba nauandika leo, jioni naupiga picha niuweke hapa muupitie.

Dada Rehema: Weka na picha za tailizi za zamani zilizobaki stoo, kama zipo. Zikifanana, unapunguza maboksi.