Naomba ushauri: seli za betri ya lithiamu zimepungua uwezo, nitajuaje ni anodi (upande hasi) au kathodi (upande chanya)?

Mwanakemia_B: Wakuu, nina seli zenye kathodi ya NMC 811 (oksidi ya nikeli, manganisi na kobalti kwa uwiano wa 8:1:1) na anodi ya grafiti. Zinachajiwa hadi 4.3 V na kushushwa hadi 2.5 V kwa 1C (mkondo wa kumaliza chaji kwa saa moja), nyuzi joto 25. Mizunguko 400 imepita, uwezo umebaki asilimia 81. Nianzie wapi kupima?

grafiti_safi: Kabla ya chochote, shusha chaji kwa C/20, yaani polepole kwa saa 20. Sehemu kubwa ya uwezo ikirudi, tatizo ni ukinzani wa ndani. Isiporudi, kuna lithiamu au nyenzo iliyopotea kweli.

Mimi ningeshuku lithiamu kwanza. Utando unaojijenga juu ya grafiti hula ioni tangu chaji ya kwanza na hauachi. Grafiti ikijaa hutanuka kwa takriban asilimia 10, utando unachanika, elektroliti (kimiminika kinachobeba ioni) inagusa uso mpya na utando mwingine unaota hapo. Piga hesabu ya seli zako: kushuka hadi asilimia 81 kwa mizunguko 400 ni wastani wa asilimia 0.053 tu kwa mzunguko. Hasara ndogo kiasi hicho huioni kwenye mzunguko mmoja bila mashine ya vipimo makini sana.

Kathodi811: Naongezea, hiyo 4.3 V ni kubwa kwa 811. Ukikaribia kilele cha chaji, fuwele zake husinyaa ghafla, chembe zinapata nyufa, na elektroliti inapenya ndani. Seli zilizobaki zijaribu kwa 4.1 V; utapata uwezo mdogo kidogo mwanzoni, lakini zitadumu zaidi.

Mwanakemia_B: C/20 imerudisha asilimia 3 tu. Nikifungua seli, nipime nini?

grafiti_safi: Ishushe hadi 2.5 V kwanza, usifungue seli yenye chaji. Fungulia ndani ya sanduku la glavu lenye agoni. Suuza kathodi kwa dimethili kaboneti, iache ikauke, kisha futa upande mmoja wa mpako kwa pamba yenye kiyeyusho cha NMP. Kata kiduara, unda seli ya kitufe dhidi ya metali ya lithiamu, uiendeshe C/20 kati ya 3.0 na 4.3 V.

Wengi hukosea hapa: wanaruka chaji ya kwanza. Hiyo ndiyo inayoonyesha lithiamu iliyosalia ndani ya kathodi. Seli ya kitufe ikishuka chaji, kathodi inajazwa na ile metali, ambayo ina lithiamu tele. Kwa hiyo chaji ya kwanza ikiwa ndogo na mshusho unaofuata ukafika karibu 200 mAh/g, kathodi ni nzima na lithiamu ndiyo iliyopotea. Zote mbili zikiwa chini, nyenzo yenyewe imekufa.

Kathodi811: Na fanya vilevile kwa seli mpya ya kundi hilohilo, maana hata kathodi mpya hairudishi lithiamu yote baada ya chaji ya kwanza. Bila hiyo utaihesabu hasara hiyo kama uchakavu.