Hospitali ikishindwa ukaguzi wa zimamoto: ifungwe, au iendelee kupokea wagonjwa?

Mleta mada

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa uzito wake.

Mkaguzi wa Zimamoto anaingia hospitali. Mlango wa dharura una kufuli. Mitungi ya kuzimia moto haijakaguliwa tangu iliponunuliwa. Wodi ya watoto njiti inaendesha mashine nne kwenye soketi moja, kwa ekstensheni iliyoungwa na ekstensheni nyingine. Afanye nini? Akifunga, mjamzito atakayepata uchungu usiku huo apelekwe wapi? Akiandika "mpewe miezi sita mrekebishe", nani analala mle ndani kwa hiyo miezi sita?

Msimamo wangu: hospitali nzima isifungwe, ila kuna vyumba ambavyo visipewe hata siku moja ya kusubiri. Wodi ya njiti, wagonjwa mahututi, chumba cha upasuaji, na wodi ya wagonjwa wa akili ambako milango hufungwa kwa nje. Kote huko mgonjwa hawezi kujiokoa mwenyewe. Mahali pengine tunaweza kuelewana kuhusu muda.

Angalieni Senegal. Usiku wa tarehe 25 Mei 2022, katika mji wa Tivaouane, watoto wachanga 11 waliteketea kwenye wodi yao. Maelezo ya kwanza yaliyotolewa ni shoti ya umeme. Kesho yake Rais Macky Sall akamwondoa waziri wake wa afya. Lakini Aprili 2021, mwaka mmoja tu kabla, wachanga wanne walikuwa wamekufa kwa moto katika hospitali ya Linguère, nchi hiyohiyo. Novemba 2024 ikawa Jhansi, India, nako ni wodi ya wachanga mahututi.

Wodi hizi zinafanana. Mashine zinawaka saa 24, oksijeni inatiririka, na mgonjwa hawezi hata kugeuka. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21 hivi. Ikipanda kidogo tu, ikavuka 23, shuka na godoro hushika moto upesi na kuwaka kwa ukali usio wa kawaida. Hospitali ya Ibn al-Khatib mjini Baghdad, Aprili 2021, moto ulihusishwa na mitungi ya oksijeni kwenye wodi ya wagonjwa wa korona. Walikufa zaidi ya watu 80. Huku kwetu Tanzania, tangu korona, tumeongeza sana oksijeni mahospitalini, na nashukuru kwa hilo. Je, nyaya za umeme za majengo yale nazo ziliangaliwa?

Kwa wanaosema "fedha hakuna": mwaka 1961 moto ulipanda kwenye bomba la kutupia taka la hospitali ya Hartford, Marekani, ukatokea ghorofa ya tisa. Watu 16 walikufa. Ukorido uliungua, lakini wagonjwa waliokuwa vyumbani nyuma ya mlango uliofungwa sawasawa waliokoka. Mlango unaofunga vizuri si kitu cha kusubiri mfadhili.

Na kwa wanaoogopa kwamba ukali wa sheria utawanyima watu huduma, moto nao unafunga hospitali. Charlotte Maxeke, mojawapo ya hospitali kubwa za Johannesburg, iliungua Aprili 2021. Hakufa mtu, ila wagonjwa wapatao 700 walihamishwa, na idara ya dharura ilifunguliwa tena mwaka uliofuata. Wazimamoto walipofika walikuta viungio vya mabomba ya maji ya hospitali haviingiani na mipira yao. Hilo ni jambo ambalo ukaguzi wa nusu saa ungeliona.

Nataka pia ripoti ya ukaguzi ibandikwe getini, hospitali ya serikali na ya binafsi sawasawa. Naomba kuwasilisha.

Nesi wa zamu ya usiku

Asante mleta mada, lakini mnazungumzia milango na nyaya, watu mmewasahau. Usiku tunabaki wawili kwa wodi yenye vitanda zaidi ya thelathini, wengine wamelala chini. Kuna mama kafanyiwa upasuaji jioni, ana mpira wa mkojo na dripu. Moto ukitokea naanza na nani? Hakuna aliyewahi kutufundisha. Mtungi uko ukutani, sijawahi kuushika.

Na lile kufuli mnalolilaani, mimi nalijua linatoka wapi. Mgonjwa akitoroka bila kulipa, tunaoulizwa ni sisi wa zamu. Kwa hiyo mlango wa nyuma unafungwa saa mbili usiku na funguo anakaa nazo mlinzi, getini. Mkaguzi anakuja saa nne asubuhi, anaukuta wazi.

Mwenye zahanati binafsi

Mimi niko tofauti na mleta mada. Zahanati yangu ina vyumba sita, jengo la chini, kila chumba kinafunguka kwenye kibaraza. Mgonjwa akipiga hatua tatu yuko nje. Nalipia ukaguzi wa Zimamoto, nalipia OSHA (wakala wa usalama na afya mahali pa kazi), nalipia leseni ya halmashauri, madai yangu ya bima yanachelewa, halafu nadaiwa vitu vya jengo la ghorofa tano. Jirani yangu ni hospitali ya serikali yenye ghorofa, na sijawahi kuona cheti cha zimamoto kwenye ukuta wake. Anzeni huko kwanza.

Mchangiaji mwingine

Ifungwe, tena siku hiyohiyo. Huu "muda wa kurekebisha" ndio uliotufikisha hapa. Mwenye zahanati anasema yeye ni mdogo. Hospitali ya Sejong, mji wa Miryang, Korea Kusini, nayo ilihesabiwa ndogo, sheria haikuitaka iwe na mfumo wa kunyunyizia maji darini. Januari 2018 ikaungua, watu zaidi ya 40 wakafa, wengi wao wazee. Sheria iliwasamehe, moto haukuwasamehe.

Mleta mada

Mkuu, Sejong ilikuwa jengo la ghorofa lililojaa wazee wasioweza kushuka ngazi. Udogo wa hospitali usitumike kama kipimo, hapo tuko pamoja. Kipimo kiwe ni mgonjwa: anaweza kutoka mwenyewe au hawezi? Yuko juu au yuko chini? Kwa kipimo hicho zahanati ya vyumba sita yenye kibaraza iko salama kuliko hospitali nyingi zenye majina makubwa. Mahospitali yetu mengi ya zamani yalijengwa hivyo, mabanda ya chini yaliyoachana, yameunganishwa kwa njia zenye paa. Moto wa banda moja haukimbilii banda la pili kirahisi. Tunapoyavunja na kupandisha ghorofa, tunajenga hatari ambayo haikuwepo. Ghorofa lazima lilipie hatari hiyo kwa vitambua moshi, milango inayozuia moto na maji ya kutosha. Na lisifunguliwe kabla.

Ila kwa jirani yako wa serikali umesema kweli tupu, na inaniuma. Mgonjwa wa bure anaungua sawa na mgonjwa wa kulipia.

Fundi umeme

Niongeze moja kutoka kazini. Jengo linakuwa limechorwa kwa ajili ya taa na feni. Miaka ishirini baadaye kuna viyoyozi, mashine za oksijeni, vitanda vya kupashia watoto joto, jiko la kuchemshia vifaa, friji za chanjo. Nyaya ni zilezile. Breka inaruka, kama inavyotakiwa. Mtu anakuja, anatoa breka ya ampea 20 anaweka ya 40 "ili isisumbue". Sasa breka hairuki tena, waya ndio unaochemka ndani ya ukuta. Nimeshazikuta hizi zaidi ya mara moja, na kila mara aliyeagiza ni mtu wa ofisini aliyetaka mashine ziwake. Mkaguzi akiangalia mitungi ya ukutani tu na kuondoka bila kufungua ubao wa umeme, hajakagua kitu.

Mchangiaji kutoka Nairobi

Huku Kenya kanuni za 2007 za kupunguza hatari ya moto mahali pa kazi zinataka zoezi la moto angalau mara moja kwa mwaka. Lipo. Linafanywa mchana, wakubwa wakiwepo. Watu wa ofisi wanakusanyika bustanini, wanahesabiwa, wanapigwa picha. Wagonjwa wanabaki vitandani. Hilo ni zoezi la ofisi. La hospitali lifanywe usiku, kwa idadi ileile ya wauguzi wa usiku, kwa godoro lenye mzigo wa kilo sabini likiburutwa hadi wodi ya pili.

Kuhusu kufuli la deni, mwaka 2015 Mahakama Kuu yetu ilisema kuwazuilia akina mama hospitalini kwa sababu ya bili ni kinyume cha haki zao, katika kesi ya hospitali ya uzazi ya Pumwani, hapa Nairobi. Kwa hiyo kufuli lile halina utetezi hata upande huo.

Mleta mada

Nakubaliana na Nairobi, na namwongezea fundi: ubao wa umeme wa wodi ya njiti na wa wagonjwa mahututi ufunguliwe na mkaguzi mwenyewe kila ukaguzi. Breka ikikutwa imebadilishwa kinyume cha waya wake, wodi ihamishiwe chumba kingine siku hiyo. Ya mlango wa dharura ni mepesi zaidi: uwe na komeo la kusukuma kutoka ndani, lisilohitaji ufunguo, na mkaguzi arudi saa tatu usiku bila taarifa.

Dada nesi, umeuliza unaanza na nani, na swali lako halikujibiwa. Unaanza na aliye karibu kabisa na moto. Wakati huohuo wenye kuweza kutembea waambie watangulie, kwa sauti ya amri, na kila mmoja amshike mtu mkono. Kisha wenye kuhitaji kushikiliwa, mwisho wa kubebwa, juu ya godoro au shuka. Usiwashushe ngazi kama hakuna ulazima. Wapeleke wodi ya pili, ghorofa ileile, ng'ambo ya mlango, na mlango uufunge nyuma yako. Lifti usiiguse. Mwenzako apige 114, namba ya dharura ya Zimamoto, wakati wewe unahamisha, asingoje mkubwa aje kutoa ruhusa. Na kabla ya zamu yako ijayo, muulize fundi wa hospitali valvu ya oksijeni ya wodi yako iko wapi, na ni nani usiku mwenye mamlaka ya kuifunga. Asipokuwepo mtu mwenye mamlaka hayo, leta jibu hilo hapa, maana hilo nalo ni kosa la kuandikwa kwenye ripoti.