Tupeane uzoefu: Uliwahi kufungua breki za nyuma mwenyewe nyumbani? Yalikukuta yapi?

Kapuku wa Mbezi:
Wakuu habari za jioni. Nimekaa hapa barazani, mikono inanuka mafuta ya breki na nimeshanawa mara nne. Nikaona hili nisilibebe peke yangu.

Gari ni IST ya familia. Wiki nzima breki za nyuma zinakwaruza kama mtu anakwangua ukoko. Fundi akataka 50,000 ya ufundi, spea juu yangu. Nikajisemea dramu mbili na vispringi, kuna nini hapo? Nikapita maduka ya spea ya Gerezani, Kariakoo, nikachukua seti ya breki shuu, vile vipande vinavyobana dramu kwa ndani, leo asubuhi nikapiga jeki.

Dramu ya kushoto ikagoma. Nimegonga nyundo nusu saa mpaka jirani akachungulia ukutani. Kumbe usoni mwa dramu kuna matundu mawili madogo yaliyokatwa uzi. Unaingiza bolti mbili za kichwa namba 12, unakaza kidogo huku, kidogo kule, inajisukuma yenyewe. Nimekuja kuyaona ilipokwisha toka.

Nikatoa shuu za zamani, springi nikazipanga juu ya gazeti, najiona injinia. Mara nasikia "vuuum, piii piii!" Kijana wangu wa miaka mitano yuko kwenye usukani. Kabla sijafungua mdomo, akasimama na miguu yote miwili juu ya pedeli ya breki.

Ile silinda ndogo ya kwenye tairi huzuiwa na shuu, na shuu sikuwa nimefunga. Pistoni ikachomoka na raba yake ikaniangukia mapajani, mafuta yakamwagikia shuu mpya nilizoziweka chini yake. Kabisa, mpya, hazijakanyaga barabara. Nikanyanyua kichwa. Dogo kachungulia dirishani: "Baba, tumefika Chalinze!"

Nawasilisha. Na ninyi?

Mama Spacio:
Nimecheka mpaka nimeamsha mtoto. Baba watoto wangu alifungua pande zote mbili kwa pamoja. Jioni anataka kuangalia upande wa pili ulivyokaa ili aigize, kote chuma kitupu. Fungua mmoja, mwingine uwe ndiyo picha yako.

Spana Kumi:
Hizo shuu zipige msasa, zimwagie petroli, washa kiberiti. Mafuta yote yanatoka.

Mzee wa Gereji:
Usimsikilize huyo. Shuu iliyokunywa mafuta ya breki haifai tena, upande mmoja utashika na mwingine utateleza. Nunua nyingine. Na mngelipa hiyo 50,000 msingekuwa mnaandika haya. Breki si kubadilisha balbu.

Bishoo Mbishi:
Mzee, fundi wangu alizipiga msasa shuu zilezile za zamani, akanilipisha mpya. Nimejua pale zilipokwisha baada ya miezi miwili. Tangu hapo nafungua mwenyewe, nikifa nife kwa makosa yangu.

Mzee wa Gereji:
Ulienda kwa kishoka, unataka kutukana mafundi wote.

Bishoo Mbishi:
Kishoka alikuwa na kibao na ovaroli kama wewe.

Mtoto wa Mabatini:
Acheni ugomvi niwape ya kwangu. Nilikuwa sijawahi kuiandika popote.

Mwanza, nyumba yetu iko kwenye mteremko kule juu ya mawe. Gari ni Noah ya zamani, ile injini iko chini ya viti. Nimeegesha pua ikitazama chini, gia kwenye P, nikanyanyua tairi moja ya nyuma. Dramu haitoki. Nikakumbuka lazima hendi breki ishushwe, la sivyo shuu zimeing'ang'ania. Nikaingia nikaishusha. Nikarudi nikachuchumaa, nikapiga nyundo ya kwanza. Ya pili. Ya tatu ikawa kama nimeiambia gari "nenda".

Ilianza taratibu, wakuu. Jeki ikalala ubavu, dramu ikatua chini "kwaa!", nikajua itakwama hapo. Haikukwama! Ikawa inaburuza dramu kwenye mawe inatoa cheche, mlango wa dereva uko wazi unapepea, mimi nyuma nimeshika bampa kana kwamba naweza kuizuia. Ikapita getini katikati, hata mimi siku zote siwezi kupita vile. Chini pale kuna mwamba wa jirani, mama mtu mzima, na siku hiyo ameanika dagaa. Ikaenda ikaulalia ule mwamba na dagaa wote. Yeye alikuwa ameingia ndani kuchukua chekecheo.

Alipotoka hakusema kitu. Akaitazama gari, akanitazama, akasema, "Mwanangu, shikamoo yako iko wapi?"

Dada wa Kirumba:
🤣🤣🤣 Ukaitoa?

Mtoto wa Mabatini:
Niliitoa nimepiga magoti.

Spana Kumi:
Dagaa ulilipa sado ngapi?

Fundi Umeme:
Tusome hapo. Noah ile inasukumwa na tairi za nyuma, kwa hiyo P inashika nyuma tu. Ukinyanyua tairi moja, ile iliyo juu inazunguka bure na ya chini inakuwa huru. Hendi breki nayo iko nyuma, umeshaishusha. Ilibaki imeshikwa na nini? IST P inafunga mbele, angalau. Ila mawe chini ya tairi za mbele ni lazima kwa zote, na jeki peke yake usiiamini, weka stendi.

Mtoto wa Mabatini:
Ungekuwepo siku ile.

Spana Kumi:
Sado ngapi?

Njoro wa Probox:
Huku Nakuru Probox tunafungua kila mara. Swali langu: hiyo vumbi nyeusi mnaitoaje? Nimeona mtu akiipuliza na mdomo. Shuu zingine bado ziko na asbesto, hiyo inaenda mapafu. Mimi humwagia maji ya sabuni kwanza.

Bishoo Mbishi:
Mimi napuliza, sijafa.

Mswahili Ohio:
Huku chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa theluji inashikisha dramu na habu (kitovu cha tairi) kwa kutu, hizo bolti mbili zinakatikia ndani. Hapo nyundo si dhambi.

Dada wa Kirumba:
Nyongeza: mafuta ya breki yakipungua msiongeze ya stelingi. Kaka yangu aliongeza. Raba zote zikavimba, gari ikawa inajishika breki yenyewe barabarani. Akanunua masta silinda (pampu kuu ya breki) na silinda za tairi zote nne.

Kapuku wa Mbezi:
Asanteni. Silinda nimeweka mpya na shuu nyingine, dramu zimerudi. Ila pedeli inazama mpaka chini.

Mzee wa Gereji:
Upepo umeingia. Anza tairi ya nyuma kushoto, ndiyo iko mbali na masta silinda. Mtu akae ndani apampu mara kadhaa, ashikilie. Wewe fungua kile kinipo cha kutolea upepo nyuma ya silinda ya tairi, upepo utoke, funga NDIPO aachie. Rudia mpaka yaje mafuta matupu. Kikombe cha mafuta ya breki kisikauke.

Kapuku wa Mbezi:
Mke kaenda msibani Moshi. Mtu wa kunikanyagia aliyepo ni yule dereva wa Chalinze.

Mama Spacio:
Mpe nauli arudi kwanza.