Naomba muongozo: nisajili kampuni ya viungo Arusha, Nairobi au Kigali?

Pilipili_Manga: Wakuu, habari za muda huu. Nataka kusajili kampuni ya kusaga na kufungasha viungo. Nasikia Kigali usajili unaisha siku hiyo hiyo. Wiki ijayo namlipa wakili, mwenye uzoefu anishauri.

Mzee_wa_Kkoo: Mtaji? Uraia? Unamuuzia nani? Hujasema hata kimoja.

binti_mlimani: Kigali tu. RDB, bodi ya maendeleo ya Rwanda, wanasajili mtandaoni, ndani ya saa chache cheti unacho. Kwenye ripoti ya Benki ya Dunia ya 2020 ya wepesi wa kufanya biashara, Rwanda ilikuwa ya 38, Kenya ya 56, sisi wa 141!

Mzee_wa_Kkoo: Ripoti hiyo Benki yenyewe iliifuta 2021, takwimu za baadhi ya nchi zilichezewa. Na cheti hakinunui iliki. Sensa ya 2022 wao milioni 13, sisi zaidi ya 61. Hesabu wateja.

Kirinyaga_254: Njoo Nairobi. Tangu Sheria ya Kampuni ya 2015 unaweza kumiliki kampuni peke yako. VAT ni 16, kwenu na Rwanda ni 18. Ila kaunti nayo inataka leseni yake, na mzigo wa mazao ukivuka kaunti unaweza kudaiwa ushuru njiani.

Fundi_Asali: Kusajili si kazi. Mimi kampuni niliipata nikiwa nimekaa nyumbani. Kasheshe ni vibali. Ofisi moja ilitaka mlango wa kupokelea asali uwe mbali na wa kutolea bidhaa, nikabomoa ukuta. Baadaye akaja ofisa wa ofisi nyingine, akasema tundu hilo litaingiza panya, nizibe. Nikamwonyesha karatasi ya mwenzake. "Hao siyo sisi." Huku nyuma nimeshachapisha lebo, katoni nzima, zimeandikwa "asali safi". Nikaambiwa neno "safi" hadi maabara. Majibu yanatoka, asali imeganda kwenye madumu na pango la miezi linanidai. Lebo tuliwashia jiko. Wala hakuna aliyeniomba rushwa, hilo ndilo linaniuma hadi leo: kila mmoja alikuwa sahihi kwa kitabu chake. Mla rushwa angalau unajua bei yake.

binti_mlimani: Usimtishe mwenzio. MKUMBI, ule mpango wa serikali wa kuboresha mazingira ya biashara, imeshafuta tozo kibao.

Fundi_Asali: Tozo zimepungua, sikatai. Wakaguzi je?

Kirinyaga_254: Ndiyo maana nasema Kenya. Benki Kuu yetu iliiachia M-Pesa ianze 2007 wakati sheria ya malipo ya simu haipo. Kwenu wangeunda kamati.

Mzee_wa_Kkoo: Kwetu ulikuwa unatuma pesa kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine tangu 2014. Ninyi mmeanza 2018. Mtandao mmoja ukishika soko lote, huo nao ni mfumo wa kujisifia?

Kirinyaga_254: Ungekuwa mbaya msingeuiga 😂

Pilipili_Manga: Jamani turudi kwenye mada. Mwenzangu kwenye hisa ni Mkenya. Mtaji ni mkopo wa benki, dhamana kiwanja cha baba hapa Arusha.

Mzee_wa_Kkoo: Kina hati?

Pilipili_Manga: Kuna karatasi ya mauziano, mwenyekiti wa mtaa amegonga muhuri.

Mzee_wa_Kkoo: Benki gani itaipokea hiyo? Acha wakili kwanza, tafuta mpima ardhi. Hata ukisajili Kigali, mkopo hutaupata.

binti_mlimani: Na huyo Mkenya asiende kijijini kununua iliki mwenyewe. Amri ya Julai 2025 imewazuia wasio raia biashara 15, kununua mazao shambani imo.

Kirinyaga_254: Hiyo ndiyo Jumuiya? Soko la pamoja tuliambiwa limeanza 2010.

Mzee_wa_Kkoo: Malori ya mahindi yetu mliyozuia 2021 yalikuwa ya Jumuiya gani?

Kirinyaga_254: Yale yalikuwa na sumukuvu, mzee.

Mama_Njiro: Samahani kwa kuingilia. Fundi, ile asali bado ipo? Hata ikiwa imeganda, nataka madumu mawili.