SS United States: noti 43, 38 au 35.59?

Nanga:
Wakuu, filamu za makala kuhusu SS United States, ile meli ya abiria ya Marekani, zinanichanganya. Huku wanataja kasi ya noti (maili za bahari kwa saa) 43, kule 38, na rekodi rasmi ni 35.59. Tushike ipi? Halafu mbona sehemu ya juu ni ya alumini na mwili ni wa chuma? Haviliani, yaani kimoja kukila kingine kama kutu?

Tezi na Omo:
35.59 ni wastani wa safari nzima. Julai 1952 ilivuka Atlantiki kuelekea mashariki, toka meli-taa ya Ambrose nje ya New York hadi Bishop Rock, Uingereza, kwa siku 3, saa 10 na dakika 40. Piga hesabu: maili za bahari 2,942 gawa kwa saa 82.67. Queen Mary, meli ya Uingereza iliyokuwa na rekodi tangu 1938, ilipitwa kwa saa 10 na ushei.

38 ni ya majaribio kabla ya kuanza kazi, mashine zikitoa nguvu farasi zaidi ya 240,000.

43 ni porojo. Kasi halisi ilikuwa siri ya kijeshi, kwa sababu meli iliundwa iweze kugeuzwa kubeba wanajeshi kama 14,000 vita vikizuka. Penye siri watu hujijazia. Ila hesabu inakataa: nguvu inayotakiwa hupanda takriban kwa kipeo cha tatu cha kasi. Toka noti 38 hadi 43 unahitaji nyongeza ya asilimia 40 na zaidi, yaani nguvu farasi kama 340,000. Boila zake 8 zingeutoa wapi mvuke huo?

Ribiti:
Kuhusu alumini: uzito ukizidi juu, meli inalewalewa, na dawa yake ni kuipanua. William Francis Gibbs, aliyeisanifu, alitaka mwili mwembamba, wa kasi na wa kupita Mfereji wa Panama. Kwa hiyo akapunguza uzito wa juu kwa kutumia alumini, iliyo nyepesi kuliko chuma.

Na ndiyo, vinaliana. Chuma na alumini vikigusana penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Viungo hivyo viliwekewa kitenganishi kisichopitisha umeme, kisha vikapigwa ribiti (pini zinazopondwa ncha ili zibane), kwani kuchomelea kwa kawaida hakuunganishi metali hizo mbili. Kitenganishi kikichakaa, unga mweupe hujikusanya chini ya rangi, rangi inavimba na kubanduka. Meli iliyokaa gatini Philadelphia tangu 1996 hadi 2025 haikosi hayo.

Nanga:
Shukrani. Na ile ya kwamba haikuwa na ubao hata mmoja?

Tezi na Omo:
Karibu kweli. Gibbs aliogopa moto kupita kiasi. Vilivyobaki ni magogo ya kukatia nyama jikoni na piano.

Ribiti:
Tahadhari ya picha: SS America ya 1940, kazi ya Gibbs huyohuyo, nayo ilikuwa na dohani mbili. Urefu wake ni mita 220, dhidi ya 302 za United States. Ukiona picha ya mabaki yaliyokwama kisiwani Fuerteventura, Visiwa vya Kanari, hiyo ni America.