RAV4 ya zamani (3S-FE): taimingi belti ikibadilishwa, na nini kingine kibadilishwe?

Gombani_Z
Assalaam alaykum waungwana. Gari ni RAV4 milango mitano, SXA11 ya 1997, injini 3S-FE, gia otomatiki, iko Chake Chake. Dashibodi inasoma kilomita 91,000, ila imetoka Japani mtumba na namba hiyo siiamini. Ndani ya boneti hakuna stika inayoonesha taimingi belti (ule mkanda wa meno unaounganisha krenki na kamshafti, shafti inayofungua vali) ilibadilishwa lini. Chini ya kava la taimingi, upande wa tairi ya kulia mbele, kumelowa oili.

Spea nitaagiza mjini Unguja zije na boti ya Mkoani, kwa hivyo nataka niagize mara moja, nisije nikafungua injini halafu nikangojea sili moja (mpira wa kuzuia oili) wiki nzima. Niagize nini? Na belti ikikatika kabla sijabadilisha, vali zinapinda kwa kupigwa na pistoni?

SpanaKumi
Waalaykum salaam. Tuanze na khofu yako: 3S-FE haipindi vali. Belti ikikatika injini inazima hapo hapo, unavuta gari, unafunga belti mpya, unaondoka. Hiyo ni 3S-FE ya kawaida tu. Ndugu yake 3S-FSE ile ya D-4 (inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda) inapinda, kwa hivyo soma herufi za injini kabla hujamwambia mtu "3S haina shida".

Bila stika na bila kumbukumbu, hesabu belti kuwa imekwisha. Toyota wenyewe wanataka ibadilishwe kila kilomita 100,000, lakini mpira huzeeka hata gari ikiwa imelala. Gari ya 1997 yenye belti ya kiwandani usiipigie hesabu ya kilomita.

Agiza hivi: belti, rola ya tensheni pamoja na springi yake, rola ya pili ile isiyorekebishwa, wota pampu na gasketi yake, sili ya mbele ya krenki, sili ya kamshafti, sili ya shafti ya oili pampu. Hii ya mwisho ndiyo inayosahaulika kila siku. Kwenye 3S belti ya taimingi inazungusha oili pampu na wota pampu pia, si kamshafti peke yake, na sili ya oili pampu ni mgonjwa maarufu wa injini hizi. Ongeza belti za nje za jenereta na stearing, maana utazitoa kwa vyovyote.

Wota pampu usiifanyie ubakhili. Ikianza kuvuja baada ya miezi sita utafungua kila kitu upya, na maji yatakuwa yameshailowesha belti mpya.

Gombani_Z
Ahsante sana. Oili ile inaweza kuwa inatoka kwenye kava la vali juu ikateremka?

SpanaKumi
Inaweza. Toa kava la juu la taimingi (bolti za spana namba kumi) utazame kwa tochi. Ikiwa juu pakavu na nyuma ya puli ya kamu (kamshafti) pakavu, basi ni krenki au oili pampu. Ukishatoa belti pafute pote, uangalie tena: ikiwa unyevu unatoka kwenye ungio la bodi ya pampu na bloki, sili peke yake haitakusaidia, pampu yenyewe itoke ibadilishwe gasketi. Kufunga belti mpya juu ya oili inayovuja ni kutupa pesa. Oili huvimbisha mpira na meno huanza kumeguka.

Darajani_Motors
Niongeze upande wa kazi yenyewe, kwa sababu fundi asiyeizoea 3S hukosea mahali pawili.

Toa tairi ya kulia mbele na plastiki ya ndani. Weka jeki chini ya sampu (bakuli la oili) na kipande cha ubao katikati, usiegemeze chuma kwa chuma, kisha fungua maunti ya injini ya kulia. Toa plagi zote nne ili injini izunguke kwa mkono bila kugoma. Zungusha krenki kwa bolti yake, kufuata saa, mpaka mfuo wa puli ukae kwenye sifuri ya kava la taimingi. Halafu tazama puli ya kamu: ina tundu dogo la duara, na nyuma yake kuna alama kwenye kifuniko cha kwanza cha beringi ya kamu. Tundu likae sawasawa na alama. Lisipoonekana, krenki iko mzunguko mwengine, izungushe mara moja zaidi.

Kosa la kwanza ni kuiamini alama ya puli ya nje. Puli ile ni vipande viwili vyenye mpira katikati, na mpira ukizeeka pete ya nje huteleza. Ukishaitoa, fuata alama ya giya ndogo ya krenki na ile ya bodi ya oili pampu nyuma yake. Hizo hazidanganyi. Oili pampu na wota pampu hazina alama ya kuoanisha, 3S-FE haina shafti za mizani, kwa hivyo usihangaike nazo.

Rola ya tensheni isukume mpaka mwisho dhidi ya springi, ikaze kidogo ibaki huko. Vaa belti uanze na krenki, na upande usio na tensheni uwe umenyooka kabisa. Ulegevu wote uende upande wa rola. Hapa ndipo jino moja linaporuka.

Kosa la pili ni kukaza rola papo hapo, au mbaya zaidi kuibana kwa bisibisi "ili belti iwe ngumu". Springi ndiyo inayopima, mkono haupimi. Legeza bolti ya rola nusu mzunguko, springi ivute. Zungusha krenki taratibu kwa mkono, kufuata saa, mizunguko miwili kasoro thumni, mfuo ufike kwenye alama ya digrii 45 kabla ya sifuri. Hapo ndipo ukaze bolti ya rola, Nm 42 (kipimo cha nguvu ya kukazia). Endelea mpaka sifuri, utazame alama zote mbili tena. Ikiwa kamu imepishana hata jino moja, toa urudie. Usiseme "itajirekebisha".

Belti iliyobanwa mno hulia kama filimbi na kuua beringi ya wota pampu. Iliyolegea hupiga kava na kuruka jino.

KisiwaPanda
Bolti ya krenki inakataa kutoka kwenye gari za huku kwetu, khasa za pwani zilizokula chumvi. Wengine huegemeza bomba kwenye chasisi wakapiga stata mara moja. Inafaa?

Darajani_Motors
Inafungua, lakini mimi siipendi. Bomba likiwekwa upande usio wake linaruka na mkono wa mtu unakwenda nalo. Na plagi zikiwa zimetoka, stata inazungusha kwa kasi zaidi. Ukiwa na kompresa na bunduki ya upepo, dakika moja imekwisha. Huna, basi puli yenyewe ina matundu mawili yenye uzi: funga bolti mbili ndani yake, pitisha chuma kirefu baina yao kishike sakafu, halafu vunja bolti kwa bomba refu. Ni soketi ya 19. Chuma hicho hicho kitakushikia wakati wa kukaza, Nm 108. Matundu hayo ndiyo pia ya kuvutia puli kwa pula. Usiigonge kwa nyundo ukingoni.

Ukitoa puli ya kamu kwa ajili ya sili, usiizuie kwa belti. Fungua kava la vali, shafti ina pembe sita, ishike hapo kwa spana. Ikirudi ni Nm 54.

Bopwe
Kwa wanaosoma huu uzi wakiwa na daladala za 3L na 5L, injini za dizeli za Toyota: maneno ya "haipindi vali" si yenu. Dizeli ikikatika belti pistoni inapiga vali, mnafungua hedi. Na alama kwenu ni tatu: krenki, kamu na pampu ya dizeli. Ile taa ya T-BELT kwenye dashibodi huwaka kila kilomita 100,000 kwa kuhesabu tu, haijui hali ya belti. Kuna wanaoitoa taa isiwasumbue. Na wenye RAV4 za petroli za kuanzia 2000, IST na Noah za 2001 kuendelea, injini zenu zina cheni, si belti.

Gombani_Z
Nimeelewa. Swali la mwisho: ikishafungwa nitajuaje jino limekaa sawa bila mashine ya kusomea?

SpanaKumi
Kwanza izungushe kwa mkono mara mbili kabla ya kurudisha makava. Ikigoma kuzunguka usilazimishe. Ikiwaka, sailensa isitetemeke na mlima isiupande kwa uvivu. Ukiweza kuazima taa ya taimingi, unganisha kwa waya matundu ya TE1 na E1 kwenye kile kiboksi cha uchunguzi, injini ikiwa imepata moto na feni ya hewa baridi imezimwa: isome digrii 10 kabla ya sifuri. Ikitoka nje ya hapo sana, usikimbilie kuzungusha distributa. Rudi kwenye belti kwanza, maana distributa inaendeshwa na kamu, na ukiizungusha utaficha kosa la belti tu.

Maji ya redieta weka kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa (distilled), si ya kisima. Na kwa tipeksi andika kilomita na tarehe juu ya kava la taimingi, usije ukauliza tena.

Gombani_Z
Shukran. Naagiza kesho, sili ya oili pampu nimeiandika ya kwanza.